Namna ya Kuhakiki Riwaya ya Mapenzi na Njozi Iliyokuvunja Moyo

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu hapa Busia, upande wa Uganda, aliniletea daftari lenye uhakiki wa mistari minne. Alikuwa ameisubiri riwaya hiyo kwa miezi mingi, kwa sababu chama chetu cha wasomaji kina wasichana tisa na wavulana wawili, nakala ilikuwa moja tu, na zamu yake ilikuwa ya mwisho. Mstari wa kwanza ulisema, "Kitabu hiki hakina maana." Wa pili ulisema mapenzi yaliyosimuliwa humo ni ya uongo, wa tatu ulisema uchawi wake haueleweki, na wa nne ulisema, "Nilitegemea makubwa." Nilimrudishia daftari nikamuuliza, "Mwanangu, uongo huo ulianza ukurasa gani?" Alinyamaza, akakifungua kitabu, akaanza kutafuta. Ilimchukua karibu nusu saa. Hatimaye aliweka kidole kwenye ukurasa wa 112 akasema, "Hapa, mwalimu. Hapa anasema anampenda, lakini tangu waonane hawajazungumza hata mara moja bila kugombana."

Uhakiki wake ulizaliwa pale, juu ya ukurasa ule, na yote ninayoyaeleza hapa yanatokana na swali lile moja. Riwaya iliyokuvunja moyo ina mahali ilipokuvunja moyo. Kazi ya mhakiki ni kurudi nyuma akapatafuta mahali hapo, akaonyesha ni ahadi gani iliyotolewa mwanzoni na ikaachwa bila kutimizwa, kisha akamwachia msomaji apime mwenyewe.

Riwaya ninazozizungumzia ni zile zinazoandikiwa vijana, kwa kawaida wa miaka 12 hadi 18, ingawa watu wazima wengi huzisoma, na ambazo huchanganya falme za kubuni, nguvu za kimaajabu na kisa cha mapenzi. Nyingi tunazozipata huku zimetoka Marekani na Uingereza, na nyingi ni sehemu ya mfululizo. Ukiishazisoma tatu au nne utazijua hulka zake: msichana asiyejijua kuwa ana nguvu, mvulana wa upande wa maadui, chuki inayogeuka mapenzi, na wakati mwingine mvulana wa pili anayempenda msichana yuleyule. Kutumia mambo haya si kosa. Msomaji wa hadithi za Sungura anajua tangu mwanzo kwamba Sungura atamshinda Fisi kwa ujanja, na bado anasikiliza, kwa sababu anataka kujua safari hii atamshinda kwa njia gani. Kwa hiyo usiandike kwamba riwaya ni mbaya kwa kuwa "tumeshayaona haya". Andika ni nini mwandishi alichokifanya kwa mambo hayo yanayojulikana.

Kabla ya kuandika chochote, maliza kitabu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kulikosea. Nilikuwa ndani ya basi kutoka Kampala, safari ya yapata kilomita 200, na tulipokuwa tunapita msitu wa Mabira nikaifunga riwaya niliyokuwa nikiisoma, nikiwa nimekwisha kuamua kwamba shujaa wake ni msichana mwoga asiye na msimamo. Niliwaeleza wanachama hivyo Jumamosi iliyofuata. Baadaye nilipozisoma sura tatu za mwisho niliona kwamba uoga ule ulikuwa umewekwa pale kwa makusudi, na kwamba kila alipokimbia alikuwa akimlinda mtu ambaye msomaji hakuwa bado amemfahamu. Ilinibidi nirudi mbele ya watoto wale nikaseme nilihukumu kabla ya wakati. Tangu siku hiyo namaliza kwanza, kisha naliacha jambo zima kwa siku mbili, ili hasira ya kukatishwa tamaa ipungue na kibaki kile ambacho kweli ninakikumbuka.

Baada ya hapo chukua karatasi, uigawe kwa mstari katikati. Upande wa kushoto andika ulichokitarajia, na upande wa kulia andika matarajio hayo yalitoka wapi. Uwe mkweli katika upande wa kulia. Mwanafunzi wangu aliandika kwamba alitarajia vita vikubwa, na alipojiuliza chanzo chake akagundua ni upanga uliochorwa kwenye jalada. Alitarajia kulia machozi, na chanzo chake kilikuwa rafiki yake aliyelia. Alitarajia kisa cha dada wawili, kwa sababu maelezo ya jalada la nyuma yalimtaja dada. Katika nyumba nyingi za uchapishaji jalada na maelezo ya nyuma huamuliwa na mchapishaji akiwa na nia ya kuuza, na mwandishi huwa na sauti ndogo katika jambo hilo. Matarajio yaliyotoka huko hayafutiki, na unaweza kuyataja, lakini mlaumu aliyeyaleta. Ukimhukumu mwandishi kwa upanga ambao hakuuchora, umemwonea.

Yanayobaki baada ya kuyaondoa hayo ndiyo mali yako. Rudi kwenye kurasa 50 za kwanza uzisome upya polepole ukiwa na penseli, kwa sababu humo ndimo mwandishi anapoweka ahadi zake. Je, shujaa anataka nini? Anaogopa nini? Nguvu za ulimwengu ule zinafanya kazi vipi, na aliyenazo hulipa nini anapozitumia? Wapenzi hawa wawili wametenganishwa na kitu gani? Andika majibu kwa maneno yako, sentensi moja kwa kila swali. Katika riwaya tuliyokuwa tunaisoma, msichana wa miaka 17 alikuwa na uwezo wa kuponya wagonjwa, na sura ya pili ilisema waziwazi kwamba kila anapomponya mtu anapoteza siku moja ya maisha yake mwenyewe. Hiyo ni ahadi nzito, na ni nzuri mno, kwa sababu kuanzia hapo kila tendo la huruma lina gharama, na msomaji anaanza kuhesabu pamoja naye. Mwanafunzi wangu alikuwa amehesabu kweli, kwa vijistari vidogo pembeni mwa daftari. Kisha katika vita vya mwisho msichana huyo aliponya jeshi zima kwa usiku mmoja, akaamka asubuhi akiwa na afya yake yote, na hakuna aliyeuliza zile siku zimekwenda wapi.

Hapa ndipo wasomaji wa Uganda tunapokuwa na kipimo chetu ambacho hatuna haja ya kukiazima popote. Katika masimulizi ya Waganda, Kintu anampenda Nambi, binti wa Ggulu, mwenye mbingu. Ggulu hamwachii binti yake bure. Kwanza anaamuru ng'ombe wa pekee wa Kintu achukuliwe, kisha anampa majaribu: ale chakula cha watu wengi peke yake, apasue kuni kutoka kwenye mwamba, ajaze mtungi kwa maji ya umande, na mwishowe amtambue ng'ombe wake katika makundi makubwa ya ng'ombe wanaofanana, kazi ambayo anasaidiwa na nyuki. Anapofaulu, Ggulu anawaruhusu waende duniani kwa sharti moja, kwamba wasirudi nyuma hata kama wamesahau kitu, kwa sababu Walumbe, kaka yake Nambi, akijua atawafuata. Nambi anakumbuka njiani kwamba amesahau ulezi wa kuku wake. Katika simulizi inayojulikana zaidi anarudi kuuchukua, na Walumbe, ambaye ndiye kifo, anamfuata hadi duniani.

Itazame kanuni ile inavyofanya kazi. Sharti limesemwa mapema, kwa maneno machache, na kila msikilizaji amelielewa. Kosa linalolivunja ni dogo sana, ulezi wa kuku, na ni kosa ambalo mtu yeyote mwenye kufuga angelifanya. Gharama yake ni kubwa kuliko kosa, na haifutwi. Hata Kayikuzi, kaka mwingine wa Nambi, anapotumwa kumrudisha Walumbe mbinguni, kuna sharti jipya la kunyamaza. Watoto wanapiga kelele kwa kumwona, na Walumbe anazama ardhini pale Ttanda, huko Mityana, ambako watu wanaonyeshwa mashimo hadi leo. Mara mbili sharti, mara mbili kuvunjwa, na mara zote mbili malipo. Ukishakuwa na simulizi hii mkononi huhitaji kuandika kwamba "uchawi wa riwaya hauna mantiki", maneno ambayo hayamwambii msomaji chochote. Andika kwamba ukurasa fulani uliweka sharti, ukurasa fulani ukalivunja, na hakuna aliyelipa. Kila msomaji atakuelewa.

Upande wa mapenzi ni mgumu zaidi kuuhakiki, kwa kuwa kila mtu ana moyo wake, na ndipo uhakiki mwingi wa vijana unapogeuka kuwa mabishano kuhusu nani ni mzuri kuliko nani. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Ninaichukua methali hii kama kipimo cha kazi: kabla mhusika hajatamka kwamba anapenda, je, mimi msomaji nilikuwa nimesikia akikohoa? Je, alifanya jambo lolote, hata dogo, lililomfichua? Orodhesha kila tukio ambalo wapenzi hao wako peke yao, na mbele ya kila tukio andika kitu kilichobadilika kati yao kabla halijaisha. Mwanafunzi wangu alipata matukio 14. Katika tisa kati ya hayo hakikubadilika kitu, kwani waligombana, msichana akayatazama macho ya kijivu ya mwana wa mfalme, na tukio likafungwa. Macho hayo ya kijivu yalitajwa mara 23, naye alizihesabu zote. Orodha ile ya matukio, ambayo haikujaza hata ukurasa mmoja wa daftari, ilimshawishi kila mwanachama kuliko mstari wake wa pili uliosema mapenzi yao ni ya uongo.

Linganisha na masimulizi ya Bunyoro kuhusu mfalme Isaza. Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, anamtuma binti yake Nyamata aolewe na Isaza ili apeleleze kitu anachokipenda kuliko vyote, na Nyamata anagundua kwa kumtazama tu kwamba mumewe anapenda ng'ombe kuliko kitu kingine. Nyamiyonga anapomtumia ng'ombe wazuri, Isaza anawafuata hadi kuzimu. Moyo wa mtu umejulikana kwa miguu yake, kwa mahali alipokwenda. Hicho ndicho ukitafute katika riwaya ya kisasa: mhusika aliacha nini kwa ajili ya mwenzake, alikwenda wapi, alipoteza nini. Kama katika kurasa 400 hakuacha chochote, una jambo la kuandika.

Kuna suala moja la mapenzi ambalo naomba kila mhakiki wa riwaya za vijana asilipite kimya. Mara nyingi mpenzi katika riwaya hizi ni kiumbe aliyeishi miaka mia tatu, mwenye sura ya kijana, naye msichana ana miaka 16 au 17. Njozi ina uhuru wake, na sisemi kwamba vitabu hivyo vifungiwe. Lakini wasomaji wetu ni mabinti wa umri huohuo, wanaoishi katika nchi ambayo Katiba yake ya mwaka 1995 inaweka umri wa kuoa na kuolewa kuwa miaka 18, na ambamo wengi wao wamemwona rafiki akitolewa shuleni kwa sababu ya mwanamume mtu mzima. Mhakiki aulize riwaya inalichukuliaje pengo hilo. Je, msichana ana uwezo wa kusema hapana na kusikilizwa? Je, kumfuatilia, kumfungia mlango au kumwamulia kunasimuliwa kama dalili za mapenzi makubwa? Ukikuta hivyo, nukuu sentensi yenyewe, taja ukurasa, na ueleze kwa utulivu inachofundisha. Mimi huandika sehemu hii nikimfikiria mama wa mwanafunzi akiisoma jioni, kando ya binti yake.

Kutaja mazuri nako kuna utaratibu wake. Usiyataje kwa kumpaka mwandishi mafuta, na wala usiyaweke yote katika aya ya kwanza kama salamu kabla ya kipigo. Yataje pale yanapohusika. Katika riwaya ile, sura ambayo msichana anamponya mtoto wa adui yake, huku akijua kwamba siku hiyo haitarudi, ilikuwa imeandikwa kwa ustadi mkubwa, na ndiyo iliyofanya vita vya mwisho viume zaidi. Mwandishi aliyeweza lile angeweza na hili. Uhakiki unaosema hivyo ni mkali kuliko unaoponda kila kitu, na pia ni wa haki.

Jitahidi vilevile kutenganisha kilichoshindwa na kisichokupendeza. Kama hupendi habari za wana wa wafalme, liseme hilo kwa sentensi moja na upite, kwa sababu kuna msomaji anayezipenda na uhakiki wako ni wake pia. Kama kitabu ni cha kwanza katika mfululizo, kinaruhusiwa kuacha baadhi ya milango wazi, lakini swali kuu la kitabu hicho lazima lipate jibu humohumo, kwa maana msomaji wa Busia aliyekisubiri kwa miezi hana uhakika kama cha pili kitamfikia.

Lugha ya uhakiki inahitaji uangalifu wa pekee huku kwetu. Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni, kwa hiyo wengi watakaokusoma bado wanajifunza. Sentensi iwe kamili, na msamiati wa fasihi ueleweke: msuko, mhusika, mandhari, taharuki. Neno "uchawi" lina uzito wa kweli katika jamii zetu, nalo limewahi kuwavunjia watu nyumba na kuwahamisha vijiji, kwa hiyo mimi huandika "nguvu za kimaajabu" ninapozungumzia uwezo wa shujaa, na huliacha neno lile kwa ajili ya mhusika ambaye riwaya yenyewe inamwita mchawi. Hali kadhalika "mahaba" si "upendo", na "upendo" si "tamaa". Chagua lile linalolingana na tukio. Ikiwa umeisoma riwaya kwa Kiingereza nawe unanukuu kwa Kiswahili, sema kwamba tafsiri ni yako, ili udhaifu wa sentensi usihesabiwe kuwa wa mwandishi ikiwa ni wako.

Nukuu chache zinatosha, fupi, kila moja na ukurasa wake. Mwisho wa kisa usiufichue bila kutoa tahadhari mapema. Usimtukane mwandishi, wala usikisie maisha yake. Anza na ahadi, nenda kwenye mahali ilipovunjika, toa ushahidi, kisha taja kilichosimama imara. Maneno 500 hadi 700 yanatosha kwa chama cha wasomaji. Ukimaliza, usome kwa sauti mbele ya mtu aliyekipenda kitabu hicho, si mbele ya aliyekichukia mnayekubaliana naye. Sisi tulimpa kazi hiyo mvulana aliyekuwa amekisoma mara mbili. Alisikiliza hadi mwisho, akapinga jambo moja tu kuhusu yule dada, na alikuwa na haki. Mwanafunzi wangu akaifuta aya hiyo.

Sentensi ya mwisho ya uhakiki imwambie msomaji kitabu hiki kinamfaa nani, kwa maana hata riwaya iliyokosea ina mtu wake. Mwanafunzi yule aliandika hivi, kwa kalamu ya bluu, kwenye karatasi ambayo sasa imebandikwa ndani ya jalada la nyuma la nakala yetu: "Kinamfaa anayetaka kusoma sura ya tisa, ile ya mtoto wa adui, lakini asihesabu siku."